Rafu ya Nguo Safi

Mwalimu mstaafu aliingia asubuhi na kikopo cha plastiki, kile kinachokuja na dawa ya kikohozi, akakiweka juu ya kaunta taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Fungua," alisema. "Ila usimwage."

Mwenye duka la udobi akafungua. Ndani mlikuwa na wadudu watatu, bapa, wa rangi ya chai iliyochemka mno. Wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu alikuwa anapanda ukuta wa kikopo, anateleza, anapanda tena. Harufu yake ilimfikia kabla hajainamisha kichwa: utamu wa kuoza, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji machafu chini ya ndoo.

"Kunguni," alisema Mwalimu, kana kwamba yupo mbele ya darasa la tatu. "Nimewatoa kwenye mshono wa foronya. Foronya iliyotoka hapa kwako juzi. Ilikuwa bado imo kwenye mfuko wako, imekunjwa vile vile mnavyokunja."

Mwenye duka mtaani walimwita Bi Povu, na jina hilo hakulichukia, kwa sababu alilitolea jasho. Alianza na makarai mawili uani kwake, akifulia majirani kwa mikono. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa na chumba cha kupanga chenye mashine mbili, hita ya maji, meza ya pasi na rafu ndefu ya mbao. Masharti yake watu waliyajua kama sala. Nguo chafu zinaingia kwa mlango wa nyuma, safi zinatoka kwa mlango wa mbele, na hazikutani njiani. Vikapu vyekundu vya chafu, vya bluu vya safi. Chochote kinacholaliwa kinafuliwa kwa maji ya moto. Nguo za gesti hazipokelewi, hata mwenye gesti aje amepiga magoti. Wateja walimtania kwamba anafua soksi kama anayepasua mtu tumbo, lakini walimletea mashuka yao, mataulo yao na chupi zao, vitu ambavyo mtu hampi kila mtu avione.

Kisha tumbo lake mwenyewe likapasuliwa kweli. Mfuko wa nyongo ulijaa mawe, akalazwa, na baada ya hapo daktari akamkataza kuinua hata ndoo kwa wiki sita. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, akajitolea kushika duka. "Lala upone, wifi," alimwambia. "Kufua ni kufua tu." Bi Povu alishukuru mpaka akalia. Siku Mwalimu alipoleta kikopo ilikuwa siku yake ya tatu tangu arudi kazini.

Na jibu alilompa Mwalimu ni jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anatamani kuung'oa ulimi wake.

"Mwalimu, samahani sana, lakini kunguni hawawezi kutoka hapa. Unajua tena, nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake..."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Mzee alikifunika kikopo, akakikaza kifuniko kwa vidole viwili.

"Alikufa mke wangu," alisema. "Usafi haukufa."

Akatoka, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko alivyoingia.

Bi Povu alibaki ameshika ukingo wa kaunta. Alijiambia mzee amekosea. Alijiambia hivyo mara mbili, tatu, lakini pua yake ilikuwa inamsuta, maana harufu ile ya kikopo hakuwa anaikuta kwa mara ya kwanza. Siku aliyorudi, alipofungua mlango, ilimpokea. Alisema ni unyevu. Siku ya pili alisema ni sabuni mpya. Mtu akitaka kutojua, hakosi cha kusingizia.

Akaiendea rafu ya nguo safi. Akainua fungu la mataulo yaliyokunjwa, la mama mmoja mwenye watoto pacha wachanga. Chini yake mbao ilikuwa na vidoa vyeusi, vidogo, kama mtu amekung'uta wino. Akachukua kisu cha kufungulia mifuko ya sabuni, akachokonoa mahali ambapo ubao unaungana na nguzo. Vikaanguka vigamba vyepesi, vya rangi ya asali, vitupu, maganda ya waliokwisha kua. Akachokonoa zaidi. Wakamwagika wazima, wanene wa damu, wakatawanyika juu ya taulo jeupe la mtoto, na mmoja akaingia kwenye mkunjo kama mtu anayeingia kwake.

Alijikuta amesimama katikati ya chumba, mikono ameitenga mbali na mwili, anajisugua shingo kwa mabega.

"Nilidhani ungejua siku ya kwanza," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa Mama Pasi, mjane aliyepiga pasi hapo kwa miaka saba, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kiganja. Alipandisha mkono wa gauni. Kuanzia kwenye kiwiko kwenda juu kulikuwa na vipele vimepangana vitatu vitatu, vingine vimekunwa mpaka vikatoka maji.

"Kwa nini hukuniambia?" Bi Povu aliuliza.

"Ulikuwa umeshonwa tumbo. Na wifi yako alisema siku nikifungua mdomo, nitaufunga mlango kwa nje."

Basi akaeleza. Viroba vilikuwa vinakuja mara tatu kwa wiki, kutoka gesti ya nyuma ya stendi, ile ambayo madobi wote wa mtaa walikuwa wameshaikataa. Wifi alianza kuvipokea tangu wiki ya kwanza. Viroba vilikuwa vingi, uani hapakutosha, vikawa vinamwagwa ndani, chini ya rafu, juu ya rafu, popote. Hita nayo Wifi aliizima, akisema inakula umeme kama jini. Mashuka ya gesti yakawa yanazungushwa kwa maji ya baridi, pamoja na nguo za watu, ili mashine ijae.

"Pamoja na za watoto?"

Mama Pasi alitazama chini. "Pamoja na za kila mtu."

Bi Povu hakumngoja Wifi, aliyekuwa bado anakuja kumsaidia, afike. Alijifunga kitenge vizuri juu ya kidonda chake, akatembea mpaka kwenye hiyo gesti. Alitaka kumwambia mwenye gesti, kwa mdomo wake, kwamba asilete tena hata kitambaa cha kufutia miguu.

Mwenyewe hakuwepo. Kulikuwa na mhudumu mwanamke aliyekuwa anafagia korido kwa fagio lililobaki vijiti, na milango ya vyumba ilikuwa wazi kupata hewa, ingawa hewa yenyewe haikutaka kuingia. Kulinuka bia iliyomwagika, miguu, mafuta ya kupaka ya bei rahisi na moshi wa sigara uliokwisha kulala ukutani. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na kondomu imetupwa karibu na ndara. Bi Povu aligeuza uso haraka, na macho yake yakaangukia kitanda cha chumba cha tatu.

Shuka lilikuwa jeupe, lenye maua ya bluu yaliyotariziwa kwa mkono kwenye pindo, na katikati ya maua ndege wawili wanatazamana. Ndege mmoja hakuwa na jicho. Marehemu mke wa Mwalimu alianza kupoteza nuru ya macho akiwa analishona, na ndege huyo wa mwisho hakuwahi kumshonea jicho. Bi Povu alilijua shuka lile kama anavyozijua kucha zake. Kwa miaka alikuwa anamwambia Mama Pasi alipige pasi kwa upande wa ndani, nyuzi zisilale.

Sasa lilikuwa limekunjamana kitandani, lina alama ya kiatu upande mmoja na doa la njano katikati ambalo hakulitazama mara mbili. Kipande cha nywele za bandia kilikuwa kimenasa kwenye ua.

"Hili mmelipata wapi?" aliuliza.

"Hayo ni ya kuazima," mhudumu alijibu bila kuacha kufagia. "Yetu yasipokauka, dada wa dobi hutuletea mengine, tunayatumia usiku mmoja miwili, anayachukua. Wageni wanayapenda hayo. Laini."

"Ya kuazima kwa nani?"

Mhudumu aliinua kichwa, akamwona vizuri usoni, akaacha kufagia. "Mimi ni wa kutandika tu, mama."

Bi Povu alilivuta shuka. Lilikuwa na ubaridi wa jasho la watu asiowajua. Alifika nalo mpaka kwenye mtaro wa nje, akashindwa. Alitapika chai yote ya asubuhi, na kila mkupuo ulivuta mshono wa tumbo mpaka akaona nyota. Mpita njia mmoja alimpa pole ya mimba.

Alipofika dukani Wifi alikuwa ameshakuja, amekaa kwenye kiti cha kaunta, miguu juu ya kikapu cha bluu. Bi Povu alilitupa shuka mbele yake.

Wifi hakushtuka. Hilo ndilo lililomkata maini zaidi ya yote.

"Ah, umeenda mpaka huko? Na kidonda hicho?"

"Wifi. Hili ni shuka la Mwalimu."

"Si litafuliwa? Yote niliyapeleka, yote yakarudi, yote yakafuliwa. Nani amepoteza hata leso hapa? Shuka ni shuka, wifi. Halina kumbukumbu."

"Watu wamelala na wake zao juu ya mashuka yaliyotoka..."

"Na wewe hotelini hukuwahi kulala? Unadhani walikushonea jipya?" Wifi alichukua njiti ya kiberiti, akaanza kuchokonoa meno. "Ulikuwa umelala hospitali unapigwa dripu. Nani aliweka mashine zikizunguka? Wateja wako wa soksi mbili mbili wangekufikisha wapi? Niliipa biashara uhai, unakuja kunitupia vitambaa usoni."

Alipoitoa njiti mdomoni aliitazama, akaipangusa kwenye mfuko wa nguo safi uliokuwa pembeni yake. Bi Povu alikiona kitendo kile kidogo, na kitu fulani ndani yake, ambacho kilikuwa bado kinasema huyu ni mkubwa wa mume wangu, kikanyamaza.

"Toka," alisema.

"Unanifukuza mimi?"

"Naomba utoke kabla sijasahau wewe ni nani kwangu."

Mumewe, fundi wa majokofu ambaye hata nyumbani aliitwa Fundi, alipata habari mchana ule ule, na kutoka kwa dada yake kwanza. Alikuja dukani na mfuko wake wa bisibisi begani. Bi Povu hakubishana naye. Alimwonyesha rafu. Alimpa kisu achokonoe mwenyewe.

Fundi alichokonoa, akaruka nyuma, akafuta mkono kwenye suruali mara nyingi.

"Sawa," alisema. "Tutapulizia dawa. Tutafunga siku mbili tatu, tuseme mashine imeharibika. Mimi ni fundi, nani atabisha?"

"Na waliokwisha kuwapeleka nyumbani?"

"Watajua wametoka wapi? Kunguni hana kitambulisho. Mke wangu, ukisema tumekwisha. Na yule ni dada yangu, jina litakalochafuka ni langu pia."

Tusimfanye Bi Povu malaika. Alilifikiria. Aliona wazi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: kibandiko mlangoni, dawa, harufu ya limau, halafu maisha. Alikwisha kumwambia Mwalimu uongo mmoja asubuhi. Wa pili ungekuja wenyewe. Halafu akaona jinsi alivyokuwa amesimama, na tabasamu la kaunta limeshaanza kumjia mdomoni, lile la kumpokea mteja, na akajichukia kuliko alivyomchukia Wifi.

"Mficha uchi hazai, Fundi," alisema. "Nikisema tutaisha. Nikinyamaza tutaoza. Bora kuisha."

Siku iliyofuata alianza kupita nyumba kwa nyumba akiwa na daftari la wateja. Hakupiga simu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema: nguo zenu zilifuliwa kwa maji ya baridi pamoja na za gesti, kuna kunguni, chemsheni kila kitu, angalieni mishono ya magodoro. Na baadhi ya mashuka, akasema, yalitumika. Neno hilo alilisema kwa sauti ile ile, bila kulipunguza, kwa sababu alijua akilipunguza mara moja halitatoka tena.

Mama wa pacha alimsikiliza huku amempakata mmoja. Kisha akampandisha mtoto nguo, akamwonyesha mgongo. "Nimempeleka hospitali mara mbili," alisema. "Wakasema ni joto." Hakumtukana. Alifunga mlango, na Bi Povu akasikia komeo.

Fundi cherehani wa pembeni alicheka mpaka akapiga goti. "Kikulacho ki nguoni mwako! Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, kumbe ningekuja kuliona kwa macho!" Kisha kicheko kikamkauka, akaanza kujikuna, akaomba atajiwe siku aliyoleta nguo zake. Wengine walitoa maneno ambayo hayaandikiki. Mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo miguuni; Bi Povu akaenda zake bila kuifuta miguu yenye punje za wali, kwa sababu alihisi anayastahili.

Kwa Mwalimu alikwenda mwisho, na shuka ndani ya mfuko uliofungwa.

"Mwalimu, nimekuja kwa mambo mawili. Kunguni walitoka kwangu. Niliisingizia nyumba yako, nikijua moyoni. Naomba radhi."

"Na la pili?"

Akamwambia la pili. Alimwambia shuka lilikokuwa, na jinsi alivyolikuta. Mzee aliweka mikono juu ya magoti.

"Watu wangapi?" aliuliza.

"Sijui, Mwalimu."

"Ungejua, ungeniambia?"

"Ningekuambia."

Alilichukua. Bi Povu aliomba alifue yeye, kwa mikono, kwa maji ya kuchemka, mbele yake. Mzee alikataa. Alichemsha maji mwenyewe, akaleta beseni uani, akapandisha mikono ya shati, akaanza kufua kama mtu ambaye hajawahi kufua kitu chenye maana, anasugua kwa hasira, anarusha maji kwenye viatu vyake. Alipofika kwenye ndege, Bi Povu hakuweza kujizuia.

"Hapo kwenye uzi taratibu, Mwalimu. Usisugue. Minya tu."

Mzee alisimama kidogo, hakumtazama. Kisha akaminya.

Duka lilifungwa wiki tatu. Rafu aliipasua yeye na Mama Pasi, wakaichoma uani, na ilipokuwa inaungua ilitoa milio midogo midogo ambayo wote wawili walijifanya hawaisikii. Fundi alikuja siku ya pili, bila kuitwa. Hakusema kitu kuhusu dada yake. Aliiwasha hita, akaifungia swichi ndani ya kisanduku cha bati chenye kufuli, ufunguo akampa mkewe. Kisha akawachomelea rafu ya chuma isiyo na ufa wa kuingiza hata wembe.

Wateja waliorudi hawakufika nusu. Wale waliorudi aliwafungulia mlango wa nyuma waingie, wainue wanachotaka, wachungulie wanapotaka. Wengine walifanya hivyo kila mara, na kila mara ilimuuma, na kila mara alisogea kuwapisha. Mama wa pacha hakurudi. Mwalimu alipita miezi mitano bila kusalimia, kisha siku moja akaleta suruali mbili. Suruali tu. Mashuka hakuyaleta tena.

Mikono ya Mama Pasi ilipona, ikabaki na madoa. Bi Povu alimwomba msamaha na kumwambia kwamba tangu siku ile naye ana haki ya kukataa mzigo wowote mlangoni, bila kumuuliza mtu. Wiki hiyo hiyo Mama Pasi alirudisha magunia mawili ya mwenye mgahawa, kwa neno moja tu: "Yananuka."

Wifi hakuomba radhi, si kwa barua wala kwa mtu. Alisema kwa ndugu kwamba wifi yake alipagawa kwa dawa za usingizi za hospitali. Walikuja kukutana Jumapili moja kwa mama mkwe, mezani, watu wazima saba. Wifi ndiye aliyekuwa anapakua. Alimjazia Bi Povu sahani, akachukua kijiko, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake pande zote mbili, akakiweka.

"Kula, wifi," alisema, akitabasamu ili wote waone. "Ni safi."

Bi Povu alikitazama kijiko. Alijaribu, Mungu anajua alijaribu, kwa ajili ya mama mkwe, kwa ajili ya amani. Mate yalimjaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika. Akaisukuma sahani kidogo kwa kidole.

"Nashukuru. Siwezi."

Mama mkwe alianza kusema kitu kuhusu undugu. Fundi alikuwa ameshapeleka tonge nusu ya njia. Alilirudisha kwenye sahani, akafuta vidole, akaisukuma sahani yake pia mpaka ikagusana na ya mkewe.

"Hata mimi nimeshiba, mama," alisema.

Walipotoka, walitembea mpaka kwenye kona. Hapo tumbo la Fundi likanguruma, kwa sauti, kama jokofu bovu, na Bi Povu akaanza kucheka, akashika kovu lake kwa sababu bado lilikuwa linavuta. Waliingia kwenye duka la kwanza lililokuwa wazi, wakanunua mkate. Aliukagua pande zote, akaurudisha, akachagua mwingine. Fundi alimngoja. Waliula wakiwa wamesimama pale nje, wanamega kwa mikono.